Kila Jibu la Ugonjwa Lina Mlipaji

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa mila kutoka Leipzig, alipita Masasi, akapanda Newala na kufika Mahuta akiwa na kamera na mashine ya kunasa sauti. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1908 alihifadhi habari ya asili ya Wamakonde kama alivyosimuliwa. Hapo kale paliishi kiumbe mmoja porini peke yake, hanyoi wala haogi. Akachonga mti ukawa na umbo la mtu, akausimamisha karibu na makazi yake usiku. Kulipokucha akamkuta mwanamke hai. Wakateremka pamoja hadi mto Ruvuma, na huko mwanamke akajifungua mtoto mfu. Wakahamia bonde la Mbwemkuru, na mtoto wa pili naye akafa. Wakapanda juu, kwenye vichaka vya Mahuta, na huko mtoto wa tatu akaishi. Yule baba wa kwanza akawaachia wanawe amri: wasijenge mabondeni wala kando ya mito mikubwa, kwa kuwa maradhi na mauti ndiko yanakokaa. Nyumba zao ziwe mbali na maji, mwendo wa saa nzima au zaidi, ndipo watoto watakua salama.

Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kusikia jina la Weule, lakini amri ile aliijua. Tuliposimama Shimo la Mungu, pale ukingo wa uwanda unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma kuonekana chini mpaka upande wa Msumbiji, alituambia, "Wajukuu zangu, kule ni kuzuri kwa kulima, si kwa kulea." Nimefanya kazi ya uuguzi maisha yangu yote, Newala na Masasi, na kadiri nilivyoendelea kusoma ndivyo nilivyozidi kuiheshimu kauli hiyo. Malaria ya bondeni ni kali kuliko ya juu. Bonde lilikuwa pia njia ya misafara ya watumwa na ya Wangoni, ambao watu wa huku waliwaita Magwangwara, waliposhuka kuvamia. Amri ya wahenga ilisemwa kwa lugha ya asili na mizimu, lakini ndani yake kuna watu waliohesabu makaburi. Walizika mtoto wa kwanza wakahama, wakazika wa pili wakahama tena, wakakaa pale ambapo mtoto hakufa. Kabla ya kuleta nadharia yoyote kutoka nje, tukubali kwamba jadi yetu ilianza na jaribio.

Ila jaribio lile lilikuwa na gharama. Udongo wa uwanda ni mchanga, mvua inanyesha na kuzama, na chemchemi ziko chini, kwenye kingo. Walioteremka na kupanda na maji kichwani walikuwa wanawake, kizazi baada ya kizazi. Uhai wa watoto wa Makonde ulilipwa kwa shingo za mama zao.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema kwa historia hii yote. Watu wa Newala na Masasi wamejibu kwa namna nyingi swali la kwa nini ugonjwa upo: mahoka, uchawi, dhambi, mapenzi ya Mungu, kijidudu. Wasomi hupenda kuuliza jibu lipi ni la dini na lipi ni la sayansi. Mimi wodini nilijifunza kuuliza jambo lingine: likishatolewa jibu, nani analipa?

Tuanze na mahoka. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, waliokufa hawakuondoka. Walikaa karibu, wakafuatilia mwenendo wa ukoo, na wakisahauliwa waliweza kumgusa mtoto kwa homa. Mwenye kuliongoza jambo hilo alikuwa mjomba, maana huku ukoo unafuata mama. Mjomba alikwenda kupigiwa ramli, akarudi na jina la marehemu aliyesononeka, na ndugu wakakusanyika asubuhi chini ya mti wa msolo kumwaga unga na kutaja majina. Watu wa misheni waliandika mengi kuhusu ibada hiyo, wengine kwa dharau. Ukitazama mlipaji unaona hekima yake. Bei ilikuwa unga kidogo na siku moja ya kukaa pamoja. Waliogombana kwa mahari au shamba walilazimika kupatana kabla unga haujamwagwa, kwa sababu sala yenye kinyongo haisikiki. Mtoto huenda hakupona kwa unga ule, lakini hakuna mtu aliyefukuzwa kijijini kwa ajili yake.

Jibu la uchawi ni tofauti. Hadi leo ukikaa na ndugu wa mgonjwa nje ya wodi utasikia wakitenganisha ugonjwa wa Mungu na ugonjwa wenye mkono wa mtu. Ugonjwa wa Mungu unakuja na kuondoka, unasikia dawa. Ukikawia, ukimrudia mgonjwa, ukimpata kijana mwenye bahati au mzazi wa kwanza, minong'ono huanza. Nasema bila kuficha: katika wodi nilizofanya kazi, mkono huo karibu kila mara ulipewa mwenyewe yule yule. Alikuwa mwanamke mzee, mjane, mwenye macho mekundu ya moshi wa jikoni, asiye na mtoto wa kumtetea.

Ndiyo maana waganga waliodai kuusafisha uchawi walipokewa kama wakombozi. Miaka ya 1920 jina la Ngoja bin Kimeta lilivuma kusini. Utaratibu wa waganga wa aina yake ulikuwa kukusanya kijiji kizima, wenye shutuma na wasio nazo, na wote kunyweshwa dawa moja. Aliyekuwa mchawi asingeweza kuroga tena, na akirudia dawa ingemuua. Naona wema ndani yake: kila mtu alikunywa, hakuna aliyebaki na alama peke yake, na jirani waliweza kusalimiana tena. Serikali ya Kiingereza iliona fujo tu, na mwaka 1928 ikatunga Sheria ya Uchawi ambayo kwa umbo lake bado iko katika vitabu vyetu. Lakini amani ya dawa ilidumu hadi msiba uliofuata. Ugonjwa uliporudi, kama unavyorudi kila masika, dhana ilirudi ikiwa kali zaidi, kwa sababu sasa aliyeshukiwa alikuwa ameidharau dawa.

Dawa kubwa kuliko zote kusini ilikuwa imeshapita wakati huo. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ya kumkinga mtu na risasi. Maji hayo yaliunganisha makabila ambayo hayakuwahi kushika silaha pamoja, na kwa hilo tunamheshimu. Huku kwetu vituo vya Wabenediktini vya Lukuledi na Nyangao vilichomwa. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa na Wajerumani mapema Agosti mwaka huo. Wanahistoria hukadiria waliokufa katika Vita vya Majimaji kuwa kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa njaa na maradhi baada ya askari kuchoma mashamba na maghala. Walikuwepo waliosita kunywa, na katika masimulizi mengi wanatajwa kama waoga au vibaraka. Baadhi yao walikuwa watu waliotaka kuona kwanza. Shaka ya namna hiyo ni ya kwetu kama ilivyo imani. Ni ileile ya baba wa Mahuta, aliyezika mtoto wa pili akakataa kubaki bondeni.

Wakati huo misheni ilikuwa imekaa Masasi miaka karibu 30. Askofu Edward Steere alifika mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani, akawaweka chini ya majabali yale makubwa ya mawe. Mwaka 1882 Magwangwara walivamia, na sehemu ya misheni ikahamia Newala kwa Matola, sultani wa Wayao. Wamisionari hao wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walikuja na swali lao wenyewe kuhusu ugonjwa, na hawakuwa na jibu moja. Mapokeo yao yalikuwa na sauti mbili. Moja ilisema maradhi yaliingia duniani kwa dhambi. Nyingine ilikuwa ile habari ya kipofu tangu kuzaliwa katika Injili ya Yohana, ambapo wanafunzi wanauliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu anakataa yote mawili. Waislamu, ambao dini yao ilienea uwandani hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walikuwa na sauti mbili vilevile. Walifundishwa kwamba linalompata mja limeandikwa. Walifundishwa pia na Mtume kwamba Mungu hakuteremsha ugonjwa pasipo kuteremsha dawa yake. Sauti ya kwanza inamtaka mgonjwa avumilie. Ya pili inamtuma mtu atafute.

Nimewaona mashehe na mapadri wakichagua sauti, na mgonjwa akilipia uchaguzi wao. Mfano ulio wazi ni ukoma. Gerhard Hansen wa Norwei alikiona kijidudu chake mwaka 1873, miaka mitatu kabla Steere hajafika Masasi. Hata hivyo kwa vizazi vilivyofuata mwenye ukoma aliambiwa kwamba ni laana, ni mwiko uliovunjwa na mama yake, ni adhabu. Mlipaji alikuwa yeye mwenyewe, aliyekuwa tayari anapoteza vidole. Watawa wa Ndanda, kituo kilichoanzishwa mwaka 1906 baada ya moto wa Majimaji, waliwapa watu hao makazi Mwena na kuwafunga vidonda kwa mikono yao. Baadaye zikaja tembe, na kuanzia miaka ya 1980 dawa za mchanganyiko zinazoumaliza ugonjwa kabisa. Huduma ile ilifanywa na watu wa dini, na iliwezekana kwa kuwa walikataa jibu ambalo dini imelibeba mara nyingi.

Kilichobadilisha fikra za watu huku kuliko mahubiri yoyote ni sindano ya buba. Buba ilikuwa inakula ngozi na mifupa ya watoto, na miaka ya 1920 ilijulikana kwamba sindano chache zilifuta vidonda vya miaka. Watu walitembea siku kadhaa kuifuata. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeandika mwaka 1981 kuhusu tiba ya kimisheni kusini mashariki mwa Tanzania, anaonyesha jinsi jambo hili lilivyowatatiza wamisionari wenyewe. Walitaka hospitali ishuhudie upendo wa Mungu, na watu walikuja kuchukua sindano na kurudi kwao. Wengine walihofia kwamba tiba ikifanikiwa sana itamfundisha Mwafrika kuishi bila Mungu. Mimi sioni hofu hiyo ilitoka wapi. Mama aliyembeba mwanawe mgongoni kutoka Mahuta hakuuliza sindano ni ya dini gani. Aliuliza kama mtoto wa jirani alipona, na jibu lilikuwa ndiyo.

Kwa daktari Leader Stirling, aliyefika mwaka 1935 na kufanya kazi Lulindi katika majengo ya miti, udongo na nyasi, swali lilikuwa la mikono: nani atashika taa, nani atachemsha vyombo. Alifundisha vijana wa vijiji vile kazi hiyo. Miaka 40 baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania huru, wakati nchi ikijenga zahanati vijijini. Kizazi changu cha wauguzi kilitoka katika kazi hiyo.

Sasa nifike mwaka ambao bibi aliuita tu "ule wa homa". Mwaka 1952 hadi 1953 ugonjwa usiojulikana uliushika uwanda wa Makonde. Mtu alikuwa analima, ghafla akashikwa na homa na maumivu ya viungo yasiyomruhusu kujigeuza kitandani, na siku chache baadaye upele. Nyumba nzima ililala. Bibi alisimulia kwamba waliomletea uji jirani yake waliletewa uji wao wenyewe wiki iliyofuata. Wagonjwa walijikunja, na kutoka lugha yao ya Kimakonde dunia ikalipata jina chikungunya. Daktari Marion Robinson wa misheni aliandika dalili zake. W. H. R. Lumsden alichunguza ulivyosambaa. R. W. Ross alikitenga kirusi katika maabara ya Entebbe, Uganda. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1955 na 1956.

Majibu yalikuwa mengi, kama kawaida. Bibi alisema kuna walioona hasira ya mahoka kwa vijana waliokwenda manamba kwenye mkonge na kusahau nyumbani. Kuna waliomtazama jirani vibaya. Msikitini wakasoma dua, kanisani wakafunga. Lakini ugonjwa huu uliwachanganya wapiga ramli, maana mkono wa mtu huchagua, na homa hii haikuchagua. Ilimlaza mshukiwa na mshitaki, sultani na mpagazi, mganga na mteja wake. Na ingawa iliwatesa karibu wote, wachache tu walikufa.

Jibu lililotoka Entebbe lilirudi kwenye amri ya Mahuta. Watu waliishi mbali na maji, kwa hiyo waliyaweka maji ndani. Katika kila nyumba palikuwa na mitungi na madebe yaliyojazwa kwa mvua au kwa safari ndefu ya mwanamke, na hakuna aliyeweza kuyamwaga maji ya thamani hiyo ili aoshe chombo. Humo ndimo alimozaliwa mbu Aedes aegypti, anayeuma mchana na kupenda kukaa na watu. Kupanda juu kuliwaepusha na maradhi ya bondeni, na kuhifadhi maji huko juu kuliyafungulia mlango maradhi mengine. Hapana laana hapo, wala wahenga hawakukosea. Sheria iliyookoa watoto kwa vizazi ilihitaji kitu cha kuikamilisha, nacho ni maji yanayofika mlangoni.

Hapa ndipo ninapomwona mlipaji mpya. Jibu la mbu halimdai mjane wala mgonjwa, halidai hata unga. Linadai mabomba, pampu na mafuta ya kuendeshea pampu. Katika miaka hiyohiyo ya 1950 lilianzishwa shirika la kupandisha maji uwandani, na watu wa Newala wakaanza kununua maji ya bomba. Mitambo ilichoka, ikafufuliwa, ikachoka tena. Leo Mradi wa Maji Makonde, unaovuta maji kutoka Mitema, Kitangari, bado ni habari ya kila bajeti. Kirusi chetu kimetembea: mwaka 2004 kililaza Lamu na Mombasa, mwaka uliofuata kikavuka Komoro na kufika Réunion, ambako karibu theluthi moja ya wakazi waliugua, kisha India, na mwaka 2013 visiwa vya Karibi. Kote huko kimefuata maji yaliyotuama karibu na watu. Na hapa kilipojulikana kwa mara ya kwanza, ndoo na mapipa bado yamepangwa nyuani.

Sijasema kwamba hospitali haina deni. Miaka yangu wodini nilimwona mama akiingia na mtoto mwenye degedege akiwa ameshapita kwa mganga, kwa sababu huku husemekana kwamba mtoto wa namna hiyo akichomwa sindano atakufa. Tulimfokea, tukamwita mjinga. Mtafiti Stacey Langwick, aliyefanya kazi Newala na kutoa kitabu mwaka 2011, aliwasikiliza waganga na akina mama kwa uvumilivu ambao wengi wetu hatukuwa nao. Mama yule alikuwa na sababu. Watoto waliofika sindanoni mara nyingi walifika wakiwa wamechelewa, wakafa, na yeye alihesabu vifo kama wahenga walivyohesabu. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na ilikosa jambo moja tu, saa ya kufika. Tulipoanza kuzungumza na waganga wenyewe ili mtoto mwenye homa asilale kwao usiku, wengine walikubali na watoto wakaja mapema. Dhihaka haikuwahi kumleta mtoto hata mmoja.

Mpwa wangu anasoma chuo kikuu, na likizo iliyopita aliniuliza, "Mama mdogo, baada ya yote uliyoyaona wodini, bado unamwamini Mungu?" Anasema Mungu mwenye huruma asingeumba kijidudu cha kupofusha mtoto, na kwamba dini ni pazia la kutokujua. Sikumkemea. Hoja yake ni nzito na ni ya zamani. Ayubu aliisema kwa ukali zaidi akiwa amekaa majivuni, na mwisho wa kitabu chake Mungu anawakasirikia rafiki waliojidai kujua sababu, si Ayubu aliyelalamika. Nilimwambia kwamba mimi naamini, na kwamba sijui kwa nini trakoma ipo. Ninachokijua ni kwamba uso wa mtoto ukioshwa mara kwa mara trakoma hupungua, na kuosha uso kunataka maji. Yeye asiyeamini na mimi ninayeamini tunaweza kudai bomba lilelile.

Ninaowaogopa ni wengine. Ni mhubiri anayemwambia mwenye kifua kikuu aache dawa ili imani yake ionekane. Ni tapeli anayeuza jina la mchawi kwa familia yenye msiba. Ni kiongozi anayesimama msibani, baada ya mama kufa kwa uzazi kwenye kijiji kisicho na gari la wagonjwa, na kusema ni mipango ya Mungu. Maneno hayo mdomoni mwa mfiwa ni sala. Mdomoni mwa mwenye mafungu ni kukwepa deni, na anamsingizia Mungu kazi aliyoiacha yeye.

Basi anayetuletea sababu ya ugonjwa, awe na Kitabu, na tunguri au na darubini, tumwulize ni nani atakayelipa jibu lake likikubaliwa. Tukiona analipa mgonjwa, au mjane asiye na mtetezi, tulikatae jibu hilo hata likisemwa kwa jina takatifu. Likimdai mwenye uwezo wa kuleta maji, dawa na barabara, tulisimamie mpaka alipe.